Kolamu zikigoma kukaa sawa: maoni yangu kuhusu inspekta ya Firefox

Hii inspekta ya Firefox, yaani chombo cha ndani ya braoza cha kuchungulia ukurasa ulivyojengwa, nimeitumia muda sasa, ile unayofungua kwa F12 au unabofya kulia halafu Inspect, na leo naongelea kipande kimoja tu ndani yake, paneli ya Layout, maana ndo imenitoa kwenye shida iliyonisumbua kuliko zote kwenye kutengeneza tovuti, yaani kolamu mbili tatu umezipanga bega kwa bega halafu zinagoma kufuata kilichomo ndani yake.

Kisa chenyewe ni duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alishanunua templeti (tovuti iliyoundwa tayari, unajaza yako tu) mahali, akanipa mimi niweke maneno ya Kiswahili na bei zake. Kwenye picha za muuzaji templeti ilikua imenyooka kabisa, kufungua kodi, yale maandishi yanayojenga ukurasa, nakuta kila kolamu imekatiwa upana wake kwa pikseli na zimepangwa kwa float, ile njia ya zamani ya kusukuma vitu kushoto au kulia. Sasa Kiswahili chetu neno moja linabeba sentensi nzima. Weka "Tutakusafirishia" kwenye kolamu iliyokatiwa neno la herufi nne, lazima limwagike nje likapande juu ya kolamu ya jirani. Ndo ilivyokua, na mteja analipa hela yake halafu anaona maneno yamepandana, inauma.

Nikatupa float zote nikapanga upya kwa fleksi (flex), njia ya kupanga vitu kwenye mstari vikagawana nafasi. Kwenye kompyuta ikatulia. Kufungua kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, ukurasa mzima unaskroli kwenda pembeni. Kule chini kulikua na kolamu mbili, kushoto anwani na linki ya ramani, kulia siku za kazi, na zote nilizipa flex: 1 nikijua zitagawana nusu kwa nusu. Nimebadilisha padding (nafasi ya ndani ya kingo), nimepunguza maandishi, nikazima hiki nikawasha kile, usiku ukaisha.

Asubuhi ndo nikafungua hiyo paneli. Ukiwa kwenye HTML unaona pembeni ya elementi kuna kibandiko kidogo kimeandikwa flex, unakibofya, inachora mistari juu ya ukurasa wenyewe, halafu kulia inakuletea orodha ya vitu vilivyomo ndani. Bofya kimoja uone hesabu yake: kimeanzia ukubwa gani, kimenyooshwa au kimebanwa kiasi gani, kiwango chake cha chini ni kipi na mwisho kimeishia ngapi. Hapo ndo nilipoipenda. Nafasi ilikua pikseli 328, toa 16 za katikati, kila kolamu ilitakiwa ipate 156, lakini ile ya ramani imesimama kwenye 290 na inspekta inasema wazi imegotea kwenye kiwango chake cha chini. Linki ni ndefu haina pa kukatika, na kitu kilichomo kwenye fleksi kwa kawaida hakikubali kuwa chembamba kuliko neno lake refu kuliko yote. Nikaandika min-width: 0 kwenye ile kolamu, yaani kiwango cha chini kiwe sifuri, na overflow-wrap: anywhere kwenye linki, yaani ikatike popote, ikarudi 156 palepale. Mistari miwili tu, baada ya usiku mzima!

Na hapa nisisitize kitu kwa wanaoanza, wengi mnaweka overflow-wrap: break-word peke yake halafu mnashangaa kolamu haisogei. Hiyo inakata neno kweli, ila haipunguzi kile kiwango cha chini, kwa hiyo kolamu inabaki pana vilevile. Anywhere ndo inakipunguza.

Orodha ya bei nikaipeleka kwenye gridi (grid), njia ya kupanga vitu kwa mistari na kolamu kama jedwali. Gridi iliingia kwenye Firefox, Chrome na Safari mwezi mmoja, Machi 2017, na mtu aliyeanza kazi baada ya hapo hawezi kujua tumetoka wapi. Mwaka 2004 madivelopa walikua wanatandika picha ya rangi nyuma ya ukurasa ili kolamu fupi ionekane ndefu sawa na mwenzake. Leo kolamu za gridi zinalingana urefu zenyewe bila kuambiwa. Kwa duka nilitaka jina la bidhaa lichukue nafasi yote iliyobaki na bei ichukue upana wake kamili bila kukatika, maana "Sh 1,250,000" ikikatika Sh ikabaki juu na namba ikashuka chini inakera sana kuisoma. Kwa hiyo 1fr kwa jina, max-content kwa bei. Inafanya kazi, lakini kila mstari ulikua na gridi yake, kwa hiyo kila mstari unajipimia bei yake peke yake, na nikiongeza maelezo mafupi katikati yanaanza huku mara yanaanza kule. Washa mistari ya inspekta kwenye mistari miwili ya bei kwa pamoja utaona ilivyopishana. Dawa yake ni subgrid, gridi moja inashika orodha nzima na kila mstari unaazima kolamu za mama yake. Bei ndefu kuliko zote ndo inaamua upana wa bei zote.

Subgrid Firefox ndo walitangulia, Desemba 2019, Safari wakafuata 2022 na Chrome 2023. Kwa hiyo simu ambayo braoza yake haijasasishwa siku nyingi inaweza isiielewe. Mi naandika kwanza kolamu za kawaida halafu mstari wa subgrid chini yake, braoza isiyoujua inauruka tu inatumia ule wa juu.

Mapungufu yapo. Ile hesabu nzuri ya fleksi, kwenye gridi hawakuiweka. Gridi inakuchorea mistari, namba zake na majina ya maeneo, ila haikwambii kwa nini kolamu hii imekua na upana huu, hapo unabaki kukisia, na ukisahau kwamba 1fr nayo ina kiwango cha chini kama cha fleksi utahangaika vilevile (andika minmax(0, 1fr) yaishe). Pia kuikagua simu halisi mi nachomeka waya kwenye kompyuta, na wateja wa hili duka karibu wote wanaingia kwa simu, kwa hiyo hiyo ni kazi ya kila siku.

Bei ni bure, haitaki akaunti. Nyota nne kati ya tano, na ile ya tano naiweka akiba siku wakiniletea hesabu ya gridi. Duka lenyewe juzi wameingiza bidhaa yenye jina la maneno tisa, wameiingiza wenyewe bila kunipigia, jina likashuka mistari mitatu na bei ikabaki pale pale kulia.