Kibodi ya Vitufe 47 Tuliyoichora Wenyewe: Uzoefu Wangu

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri, kwa hiyo kutwa nzima naandika Kiswahili. Kibodi ninayoandikia haya huikuti dukani, iwe Kariakoo au mtandaoni. Ina vitufe 47, urefu wake haufiki sentimita 24, na imechorwa na watu watano wa Dar es Salaam: mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, fundi simu, mhasibu, mwandika programu na mimi. Nimeitumia kwa miezi kadhaa bila kugusa nyingine, na maoni yangu ni haya: kwa mtu wa maneno ni nzuri sana, kwa mtu wa tarakimu ni adhabu, na anayetafuta kubana matumizi akae nayo mbali.

Kwa nini watano? Viwanda vya Shenzhen, China, vinavyotengeneza bodi za saketi kwa bei ya chini kwa kawaida havipokei oda iliyo chini ya bodi tano. Ukiagiza peke yako, nne zinabaki za kuwekea vikombe vya chai. Kundi letu lilianza kama mchango kabla halijawa urafiki, na nadhani ndiyo maana ubishi ulikuwa mkali. Kila mtu katoa hela yake, kila mtu ana kauli.

Mpangilio ni safu nne za nafasi kumi na mbili, vitufe vimenyooka juu hadi chini kama vilivyonyooka kulia hadi kushoto, na kitufe cha kuachia nafasi kati ya maneno kimechukua upana wa viwili. Hatukuubuni sisi; kibodi iitwayo Planck, ya Jack Humbert, ndiyo iliyoufanya ujulikane. Kwenye kibodi za kawaida kila safu imesogezwa kidogo pembeni, urithi wa taipureta, ambako mikono ya chuma ya herufi ilihitaji nafasi ya kupita bila kugongana. Mwanafunzi alitetea mtindo huo wa zamani kwa muda mrefu. Fundi simu akamuuliza, "Mdogo wangu, humu ndani sisi tuna chuma gani kinachopita?" Tukahama mada.

Kinachonifanya niipende ni kwamba imeshonwa kwa lugha ninayoiandika. QWERTY, mpangilio wa herufi wa kibodi za kawaida, imeiweka A chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu, na hakuna herufi ambayo Kiswahili kinaitumia kuliko hiyo. Andika "hawatakataa" halafu hesabu: herufi kumi na moja, na sita kati yake ni A. Tulifikiria kuihamisha. Mwandika programu akatukumbusha kwamba bado tutakaa kwenye kompyuta za watu, ofisini na kwa marafiki, na mikono haipendi kubeba ramani mbili. Basi A ikabaki palepale, ila swichi yake, kile kidude cha chini ya kitufe kinachopokea bonyezo, si kama za wenzake. Kote nimetumia Gateron Yellow, ambazo huhitaji nguvu ya gramu kama 50 kubonyea. Chini ya A nimeweka Gateron Clear ya gramu 35. Mwanzoni kidole kikipumzika tu, skrini inajaa aaaa. Baadaye kikazoea kuelea. Sasa nikimaliza kuhariri kurasa nyingi, yale maumivu ya ukingoni mwa kiganja siyasikii tena. Mwanafunzi aliijaribu swichi hiyohiyo akaitoa siku ileile. Anasema ilimfanya aandike kama mtu mwenye kigugumizi. Kwa hiyo hili ni la mtu na mkono wake.

Q na X Kiswahili hakina kazi nazo. Mhasibu alitaka zote mbili ziondoke mstari wa mbele. X iliokolewa na Ctrl+X ya kukata maandishi. Q haikupata wa kuitetea, ikapelekwa tabaka la pili, yaani unaifikia kwa kushikilia kitufe kingine kwanza. Mahali pake pamekaa ng'. Bonyezo moja, alama tatu kwa mpigo.

Hapo ndipo shughuli ilipokuwa pevu. Katikati ya neno kitufe kilifanya kazi vizuri tangu mwanzo, ila sentensi ikianza na Ng'ombe, unashika Shift, unabonyeza, inatoka NG". Shift ilikuwa inabaki imebanwa kwa alama zote tatu, na kwenye mpangilio wa Kimarekani apostrofi ikibonyezwa pamoja na Shift hugeuka alama ya kunukuu. Mwandika programu aliongeza mistari michache kwenye QMK, programu huria inayoendesha kibodi nyingi za aina hii: ikikuta Shift imeshikwa, itoe N kubwa, iiachie Shift, imalizie g na apostrofi, kisha iirudishe. Caps Lock yenyewe haikuhitaji dawa, inatoa NG' sawasawa, kwa hiyo hata vichwa vya habari vya herufi kubwa vinatoka safi. Leo naandika kung'ang'ania kwa kugusa kitufe hicho mara mbili, na kidole kidogo cha kulia kimesahau apostrofi iko wapi. Katika kibodi nzima, kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kubaki nacho, ningechagua hicho. (Kulikuwa pia na pendekezo la C kutoa ch yenyewe. Lilikufa haraka. Ctrl+C tunaihitaji, na anwani za .com pia.)

Jambo jingine la lugha sikulitegemea. QMK inaruhusu kitufe kimoja kuwa na kazi mbili: ukikigusa ni herufi, ukikishikilia kupita muda fulani, milisekunde 200 usipoubadilisha, kinakuwa Ctrl au Shift. Wapenzi wengi wa kibodi ndogo wanaoandika Kiingereza husifu kuziweka kazi hizo kwenye safu ya katikati, pale vidole vinapolala. Ukiweka Ctrl chini ya A huku unaandika Kiswahili, umejitafutia balaa. Anawaita, tunawapa, hawawezi: A na W hazikai mbalimbali. Kidole kikichelewa kidogo kuachia A wakati W inabonyezwa, kompyuta inasoma Ctrl+W, na ukurasa wa kivinjari unafungwa mbele ya macho yako. Fomu uliyokuwa umeijaza nusu kwaheri. Ctrl tumeihamishia kwenye kidole gumba na amani imerudi.

Sasa ujenzi. Saketi ilichorwa kwa KiCad, programu ya kuchorea saketi, ambayo ni ya bure. Akili ya kibodi ni Raspberry Pi Pico, bodi ndogo yenye chipu, na ina pini 26 za kutumia. Safu nne na nguzo kumi na mbili zinakula 16 tu. Kila swichi ina dayodi yake ya 1N4148 (hupitisha umeme upande mmoja tu), kioo kidogo chenye mkanda mweusi upande mmoja, na mkanda huo ukiugeuza kitufe kinakuwa bubu. Usiziruke kwa kuokoa senti: bila dayodi, vitufe vitatu vilivyokaa kwenye pembe za mstatili vikibonyezwa pamoja, kompyuta inaona na cha nne ambacho hakuna aliyekigusa. Fundi simu alilehemu bodi zote tano. Mkono uliozoea vipuri vya simu, kwake dayodi hizi ni magogo. Kuweka programu ni kazi ya dakika: unashikilia kitufe cha BOOTSEL, unachomeka waya, Pico inatokea kwenye kompyuta kama flashi, unalidondosha faili ndani, imekwisha.

Bamba la kushikia swichi lina somo lake. Tulianza na akriliki ya milimita 3 iliyokatwa kwa leza na mafundi wa mabango. Linapendeza, mwanga unapita, ila meno ya swichi za aina ya MX yametengenezwa kung'ata bamba la milimita 1.5. Kwenye akriliki nene hayang'ati kitu. Ukivuta kifuniko cha kitufe, swichi nzima inakufuata. Mwanafunzi akapendekeza tuagize bamba kwa watengeneza saketi haohao, kwa maana ya bodi tupu ya milimita 1.6 yenye matundu ya mraba ya milimita 14. Ni nafuu, haipindi, na swichi zinaingia kwa mlio wa "tak". Ukijenga yako, ruka akriliki kabisa. Chini nimebandika vipande vya kandambili iliyochakaa, havitelezi mezani na vimepunguza kelele.

Kasoro zipo, tena mbili za maana. Ya kwanza ni mahali Pico ilipokaa. Imelala chini ya bodi, chini ya nguzo ya T, G na B, kwa hiyo swichi hizo tatu zililehemiwa kabla yake. Kwingine kote kuna soketi: swichi ikifa unaing'oa, unachomeka nyingine. G ikifa, lazima Pico nzima ilehemuliwe itoke. Mpaka leo haijafa, lakini kila nikisikia G imekwaruza roho inanidunda. Ya pili ni tundu la waya. Pico ya asili ina tundu la micro-USB, ambalo siku hizi waya wake unautafuta nyumba nzima. Mwandika programu alinunua ya mtengenezaji mwingine yenye USB-C, ikafanya kazi vizuri, isipokuwa kasha letu ni jembamba mno pale nyuma na waya wenye kichwa kinene hauingii mpaka upige tupa plastiki.

Wengine watauliza habari ya kutumia bila waya. Inawezekana, ipo programu ya ZMK kwa ajili hiyo. Tuliikwepa kwa sababu mizigo yetu inapita kwa mawakala wenye maghala Guangzhou, na betri ya lithiamu kwenye mzigo wa ndege ni maswali yasiyoisha.

Kwenye tarakimu ndipo sifa zangu zinapokoma. Safu ya namba haipo. Namba zimo tabaka la pili, mkono wa kulia, zimepangwa kama kikokotoo, na gumba la kushoto linashikilia kitufe wakati wote unapoziandika. Kwa namba ya ukurasa au mwaka hutaona shida. Jaribu sasa kuandika kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12, huku simu unayoisomea iko mkono mwingine. Huwezi. Kuna kufuli la tabaka ukigonga kitufe mara mbili, linasaidia, mradi ukumbuke kulifungua kabla ya kuendelea na maneno. Mhasibu alivumilia mpaka mwisho wa mwezi ulipofika na mahesabu yake. Akanunua kipadi cha namba cha pembeni, na pamoja na hicho meza yake sasa imejaa kuliko alivyokuwa na kibodi kubwa.

Gharama kwa kila mmoja ilifika karibu laki moja na nusu: sehemu yake ya bodi na bamba, Pico, swichi, vifuniko na mzigo. Vifuniko ndivyo vilivyouma. Seti nyingi hutengenezwa kwa ajili ya kibodi za kawaida, kwa hiyo unalipia Enter pana na Shift ndefu ambazo huna pa kuziweka. Chukua seti ambayo vifuniko vyote vina umbo moja, kama XDA, ili chochote kikae safu yoyote. Kifuniko cha Q nimekitumia hivyohivyo juu ya ng', na mtu akiazima kibodi yangu kuandika nywila yenye q namwacha ahangaike kidogo kwanza.

Je, ningemshauri mwingine? Mwandishi, mtafsiri, mwandika programu, mtu anayechapa maneno saa nyingi na ana mezani nafasi ndogo: ndiyo, hasa akipata wenzake wanne wa kubishana nao. Aharakishaye asianze, maana kutoka kuchora hadi kubonyeza ni miezi, na sehemu kubwa ni kungoja mzigo. Anayefanya kazi za hesabu atafute kibodi ndogo yenye safu tano.

Toleo la pili limeshaanza kuchorwa. Chipu ya RP2040, ileile iliyo ndani ya Pico, itakaa moja kwa moja kwenye bodi, tuachane na Pico chini ya G, na tundu la USB-C litasogea kona ya kushoto lipate nafasi. Bado tunabishana kama A ipewe swichi nyepesi kwa kila mtu au kila mmoja avutie kwake. Mhasibu kasema kama hakuna safu ya namba, safari hii tusimhesabu. Kwa hiyo nafasi moja iko wazi.