Pa kusikiliza taarab mjini Zanzibar: uzoefu wangu

Mimi ukumbi wa muziki naupima kwanza kwa jambo moja: msikilizaji akiguswa na ubeti, ana njia ya kuinuka akaenda mbele kumtunza mwimbaji kwa noti? Kama meza zimebanana, au kuna uzio na walinzi mbele ya jukwaa, taarab ya hapo itakuwa pungufu hata wapigaji wawe hodari namna gani. Mwimbaji wa taarab huimba akiwatazama watu. Noti ikimfikia mkononi huurudia ubeti uleule, wapiga fidla wanamfuata, wimbo unarefuka, na aliyetunza anarudi kitini huku nusu ya ukumbi inajiuliza ubeti ule amemlenga nani.

Nimekulia Michenzani, katika Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na kumbi za Mji Mkongwe nazifikia kwa miguu nikitoka kazini. Naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na kwengineko wanaokuja Unguja kwa siku chache, kisha wanarudi kwao wakisema taarab hawakuisikia, au waliisikia kwa mbali huku wanakula. Nitazitaja kumbi kwa jinsi ninavyozipenda, si kwa ukubwa wake.

Pa kwanza kwangu ni klabu. Culture Musical Club, iliyoanzishwa mwaka 1958, ina nyumba yake Vuga, na jioni za mazoezi mgeni hafukuzwi. Unapiga hodi, unaamkia, unaonyeshwa kiti. Hakuna tiketi wala mtu wa kukukagua mkoba. Wapigaji wanaingia mmoja mmoja, wengine wametoka kazini, mwengine kamshika mwanawe mkono. Hapo utangoja, na kungoja kwenyewe kuna faida. Kanuni, ile ala inayopigwa ikiwa imelazwa, ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji lazima azikaze moja moja hadi zikubaliane. Wakati huo udi, ala ya nyuzi mfano wa gitaa, unajaribiwa, kodiani inavuta pumzi, na wazee wanaulizana habari za wagonjwa.

Kisha inapigwa bashraf, ala tupu bila mwimbaji, na chumba kizima kinatulia. Baada ya hapo ndipo zinapokuja nyimbo. Siku ninazozipenda zaidi ni zile wanazofundishana wimbo mpya. Aliyetia sauti anaimba mstari mmoja, waitikiaji wanaupokea, fidla zinaingia, anasimamisha, anasema hapana, pale mwisho msiushushe haraka. Wanarudi. Mara mpiga dumbaki, ile ngoma ndogo ya mkono, anatoa wazo, wanabishana kidogo, wanajaribu njia yake. Nimewahi kukaa nikasikia ubeti mmoja ukibadilika kutoka kitu cha kawaida hadi kitu cha kumtoa mtu machozi, na kilichobadilika ni mahali pa kupumua tu. Hakuna onyesho la kulipia litakalokupa hilo.

Shangazi yangu, ambaye amekuwa akienda taarab tangu ujana wake, ndiye aliyenifundisha adabu za mahali hapa. Usizungumze ubeti unapoimbwa. Zungumza wakati ala zinajibu. Usimpige mtu picha usoni kabla hujaomba. Usiondoke katikati ya wimbo. Na ukitaka kutunza katika mazoezi, uliza kwanza, maana baadhi ya siku wapigaji wanataka kufanya kazi bila kukatizwa. Siku ya onyesho ni habari nyengine: hapo toa noti ndogo ndogo, uende taratibu kwa mwendo wa wimbo, usikimbie kama unayelipa nauli.

Ikhwan Safaa ni ndugu wakubwa wa fani hii. Chama kilianzishwa mwaka 1905, na hadi leo kipo, jambo ambalo vyama vichache vya muziki duniani vinaweza kujivunia. Historia yake inaunganishwa na ile ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye inasimuliwa alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kanuni, akarudi kuwafundisha wengine. Ukiwasikiliza Ikhwan Safaa utausikia ule mguso wa Misri katika fidla, na katika namna sauti ya mwimbaji inavyozunguka neno kabla ya kuliacha. Culture kwa sikio langu wana mdundo ulio karibu zaidi na ngoma za mashamba. Sitasema nani bora. Nasema tu, kama una jioni mbili, mpe kila mmoja yake, maana ukiwasikia wote wawili ndipo utakapoelewa kuwa mji mmoja mdogo umeweza kulea taarab za aina mbili kwa miongo mingi, kila moja na wapenzi wake wasiokubali kushindwa.

Ngome Kongwe ni jambo la aina nyengine. Kuta zile zilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kuondolewa, na ndani yake kuna uwanja wa wazi na ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara. Kila Februari tamasha la Sauti za Busara hupigwa hapo. Lilianza mwaka 2004, na limeshikilia sharti ambalo mimi naliheshimu sana: kila kinachosikika jukwaani kinapigwa papo hapo, hakuna kuimba juu ya muziki uliorekodiwa. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na ule ulikuwa mwezi mkavu kwa mji huu. Mamalishe, wenye nyumba za wageni, madereva, wote walilihisi pengo.

Kwa muziki wa bendi kutoka pande zote za Afrika sijui mahali pazuri zaidi ya hapo. Mitambo inakuwa mikubwa na mafundi wanaijua kazi yao, upepo wa bahari unaingia, na kijana wa Kwahani anacheza bega kwa bega na mtu aliyetoka Bamako. Kiingilio cha Watanzania ni cha chini kuliko cha wageni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Vaa viatu vya kusimamia muda mrefu, na ukitaka kukaa kwenye zile ngazi, chukua khanga ya kutandika.

Lakini taarab pale, nasema kwa mapenzi, haikai sawasawa. Kundi linapewa muda wake kama makundi mengine, kwa hiyo nyimbo zinakuwa chache na zinafupishwa. Jukwaa liko juu, mwimbaji yuko mbali na watu, na anayetaka kutunza hana pa kupita. Aliyeweza kuuvunja umbali ule alikuwa Bi Kidude, mwimbaji wetu mkongwe. Yeye akisimama na ngoma yake ya msondo katikati ya miguu, uwanja wote ulikuwa chumba chake. Amefariki tarehe 17 Aprili 2013, na tangu hapo nimesikia sauti nyingi nzuri Ngome Kongwe, ila sijamwona mwengine anayewafanya maelfu ya watu wanyamaze kwa kuinua mkono tu. Katikati ya mwaka kuna tamasha la filamu la Nchi za Jahazi, yaani nchi za Bahari ya Hindi, ZIFF, lililoanza mwaka 1998. Filamu zinaonyeshwa usiku chini ya mbingu, na muziki unafuata. Kwa familia yenye watoto wakubwa hiyo ni safari nzuri.

Mahali pa tatu, na ambapo nawapeleka vijana, ni chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA. Kimeanzishwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi tumekijua katika jengo la Forodha ya Kale, pwani ya Mizingani, ambapo ukipita barabarani unasikia udi dirisha hili na ngoma dirisha lile. Maonyesho yao ni ya chumba kidogo, viti vichache, kiingilio cha kawaida. Unakaa karibu kiasi cha kuona vidole vya mpiga kanuni vilivyovishwa pete za kupigia. Wanafunzi na walimu wanapiga pamoja, na mara nyingi mmoja wao anasimama kueleza kabla ya wimbo: hii ni bashraf, hii ni kidumbak, muziki wa harusini, huu mwendo unatoka Pemba. Mgeni asiyeijua taarab aanzie hapa ndipo aende klabu.

Kilichonigusa pale ni wasichana. Zamani msichana kwenda na fidla begani ilikuwa habari ya mtaa mzima. Mwimbaji Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake mwaka 1928 kule Bombay na jina lake likavuka bahari, ila kwa muda mrefu wanawake wetu walibaki upande wa kuimba, ala zikawa za wanaume. Chuoni nimewaona wasichana wakipiga udi, kanuni, dumbaki na besi, wamejistiri vizuri, na wazazi wao wamekaa safu ya mbele. Mwaka 2019 chuo kilikaribia kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Kila tiketi unayoikata hapo, na kila santuri unayoinunua mlangoni, ina kazi yake. Tafadhali usiombe kuingia bure kwa sababu unamjua mwalimu.

Sasa niseme na yaliyoniudhi. Kuna mkahawa mmoja wa juu ya paa, jina naliacha, ambao hutangaza chakula cha jioni pamoja na taarab. Nilikwenda na mgeni wangu kutoka Tanga. Wapigaji walikuwa watatu, wote nawajua kwa uwezo wao, wamewekwa pembeni karibu na mlango wa jikoni. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, nacho kilielekezwa kwenye dumbaki, kwa hiyo kanuni haikusikika kabisa. Kanuni ni ala ya sauti nyembamba. Fundi asipoweka kipaza sauti karibu nayo, imepotea. Kila wimbo ulikatwa baada ya beti mbili ili sahani zinazofuata zipite. Mgeni wangu aliinuka kutunza, na mhudumu akamwambia kwa upole arudi kitini maana anaziba njia. Chakula kilikuwa kitamu, mandhari ya bahari hayana mfano, na bei ilitosha kumlipa mpigaji ujira wa heshima. Nilipowauliza wapigaji wenyewe wanapata nini kutokana na bei hiyo, walitazamana wakacheka kidogo. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu chakula na taarab kwa pamoja, namwambia ale kwanza Forodhani kisha aende klabu ameshiba.

Hoteli na mikahawa inayofanya vizuri ipo pia, na utaitambua kwa swali moja la simu: kundi lina watu wangapi? Ukiambiwa sita au zaidi, na kwamba wanapiga kabla au baada ya chakula badala ya wakati wa chakula, nenda.

Harusini ndipo utakapokikuta kidumbak, na kama umealikwa, usikatae. Sanduku lenye uzi mmoja linakuwa besi, ngoma mbili ndogo zinapigwa na mtu mmoja, fidla juu yake, mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, na cherewa, mfano wa kayamba, zinakimbiza mwendo. Wanawake wanacheza mpaka jasho linalowesha leso. Wapigaji kadhaa wa Culture hupiga pia kidumbak, kwa hiyo yule mzee uliyemwona ametulia na fidla yake Vuga utamkuta huku anaichapa vyengine kabisa. Taarab ya kisasa, ya kinanda na gitaa la umeme na mipasho, ina kumbi zake upande wa Ng'ambo na mashabiki wengi kuliko zote nilizotaja. Huko kutunza kumekuwa mashindano, na mwanamke anayepeleka ujumbe kwa jirani yake hahitaji msaada wangu kukueleza raha yake.

Linaloniuma ni kwamba mji huu hauna ukumbi mmoja wa ndani, wenye paa na sauti nzuri, ambapo kundi zima la taarab la watu 20 na zaidi linaweza kupiga mwaka mzima kwa kiingilio ambacho mwalimu wa skuli au muuza samaki anakimudu. Jengo la kufaa tunalo. Sinema ya Majestic, Vuga, ilijengwa mwaka 1955 baada ya ile iliyokuwapo kabla yake kuungua, na leo paa lake limeanguka. Wapo watu wa mji huu wanaohangaika ifufuliwe, na mimi niko upande wao kwa moyo wote. Klabu ni nzuri kwa mazoezi, chuo ni kizuri kwa watu wachache, Ngome Kongwe ni ya sherehe kubwa. Kati yao kuna nafasi tupu, na katika nafasi hiyo ndimo wanamokosa kuingia watu wa hapa ambao taarab ni yao.

Kwa anayepanga safari: uliza ratiba mchana wa siku hiyohiyo, maana ukitokea msiba mtaani mazoezi huahirishwa. Klabu na chuoni vaa nguo za stara. Ramadhani muziki unapumzika, na siku za Idi unarudi kwa nguvu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usitegemee kitu cha uwanjani; panga jioni zako kwa zile nyumba zenye paa.