Walimwambia mwanangu kwamba kichwa chake kimeishinda mashine

Naanza na jambo lililonifanya niandike. Mtumishi wa kituo kimoja hapa Lubumbashi, kinachowafundisha watoto wasiotulia kwa mashine inayosoma mawimbi ya ubongo, mtu mzima aliyevaa koti jeupe, alisimama mbele ya mwanangu wa miaka minane ambaye bado alikuwa na nyaya kichwani, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mapokezi, "Kichwa hiki hata mashine kimeishinda." Jina la kituo sitalitaja, lakini maneno hayo nayaandika kama yalivyotamkwa.

Siku hiyo, mwishoni mwa msimu wa mvua, umeme ulikatika katikati ya kipindi, na jenereta ilipowashwa programu ilikataa kufunguka. Mtoto, aliyekuwa ametulia vizuri kwa muda mrefu, alianza kugeukageuka kitini, akavuta waya mmoja, jeli ikamchuruzika hadi sikioni. Je, si kwa sababu ya kutotulia huko ndipo tulimpeleka kwao? Hakuna aliyeniomba radhi. Kadi yetu iligongwa muhuri kana kwamba kipindi kimekamilika, nami nikalipa, kwa sababu nilikuwa natetemeka kwa hasira na nilitaka tu kumtoa mwanangu pale. Ndani ya teksi, tukirudi Kampemba, aliniuliza, "Mama, ni mimi niliyeharibu mashine?" Fedha nimekwisha kuzisamehe, lakini swali hilo siwezi kulisahau.

Tulikuwa tumechagua njia hii kwa sababu mimi na baba yake tuliogopa dawa. Daktari alitueleza kwa uaminifu kwamba dawa za kusaidia umakini kama Ritalin huwasaidia watoto wengi, ingawa zinaweza kupunguza hamu ya chakula na kuchelewesha usingizi, na mwanangu ni mwembamba tayari. Kituo kilituahidi mafunzo ya ubongo bila kidonge hata kimoja: vihisio vinabandikwa kichwani, mashine inasoma mawimbi ya ubongo, na mtoto anatazama katuni ambayo hufifia mawimbi ya polepole yanapozidi na kung'aa tena umakini unaporudi. Tuliambiwa vipindi 30.

Lazima niseme pia, ingawa hasira yangu haipendi niseme, kwamba miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Dada aliyemhudumia alikuwa na subira ambayo sijaiona hata shuleni. Alimwacha aiguse jeli kwanza, akamweleza kwamba nyaya hizo husikiliza tu na haziingizi kitu chochote kichwani, kisha baada ya kazi akamfuta nywele kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu huku akimsimulia hadithi. Karibu na kipindi cha 12, mwanangu alimaliza imla ya nyumbani bila kuondoka kitini. Baba yake alisema ni bahati tu; mimi nilienda chumbani nikalia kwa furaha.

Baada ya tukio lile, jamaa yetu ambaye ni daktari wa watoto alinieleza kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021. Watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wenye tatizo la umakini waligawanywa: wengine walipata mafunzo halisi, wengine walipata ya kuigiza ambayo hayakufuata mawimbi yao wenyewe, na wazazi hawakujua mtoto wao yuko kundi gani. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hapakuwa na tofauti kubwa kati yao. Kituo hakikutuambia hata neno moja kuhusu jambo hilo, ilhali kilikuwa kinapokea dola zetu kila juma.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Ikiwa huenda si mashine inayomtuliza mtoto, bali ni kule kukaa na mtu mzima anayemtazama, anayemsifu na kumngoja, basi tusi la yule bwana si kasoro ndogo ya adabu pembezoni mwa tiba. Alichokiharibu kwa sentensi moja ndicho kitu pekee tulichokuwa na hakika kwamba tunakilipia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia wazazi wenzangu wasikanyage pale. Sasa nasitasita, maana ningekuwa namfungia mlango yule dada pia, na imla ile niliiona kwa macho yangu. Anayetaka kwenda na aende, ila aulize kwanza ni nani atakayekaa na mtoto wake, na asikubali kutoka chumbani wakati wa kipindi. Mimi ningali na kadi yenye vipindi tisa vilivyobaki. Juzi mwanangu aliikuta kwenye droo akauliza kama dada wa hadithi bado yupo. Nilipomjibu kwamba yupo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na yule mwingine yupo.