Panasonic GH4 iliyotumika: uzoefu wangu

Nilikuwa na bajeti isiyofika milioni moja, nataka kamera ya kushuti filamu fupi, na karibu kila niliyemuuliza alinitajia Canon 70D. Ni kamera nzuri, inafokasi yenyewe vizuri, ila haina tundu la hedifoni. Siwezi kurekodi mazungumzo bila kusikia maiki inaokota nini. Ndipo nikaihamia Panasonic GH4, toleo la mwaka 2014.

Duka la Kariakoo lilikuwa nazo mbili. Muuzaji alikazania idadi ya picha zilizopigwa: "Kaka, hii bado mbichi kabisa!" Kwa mtu wa video namba hiyo haina uzito, maana ukirekodi, shata (pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha) inakaa wazi muda wote. Mimi nilianza na tundu la HDMI, la kupeleka picha kwenye skrini ya nje, ambalo kwenye GH4 ni lile dogo sana. Likilegea, monita ya nje isahau. Nikachomeka maiki na hedifoni, nikawa natikisa waya huku nasikiliza kama kuna mikwaruzo. Nikafunika lenzi, nikapandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), nikarekodi giza tupu na kutafuta vidoti vinavyong'aa, dalili ya sensa iliyoharibika. Moja ilikuwa na menyu ya Kijapani tu, kama zilivyo zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Nikairudisha mezani.

Uliza pia kama imetoka Ulaya. Toleo la huko hukata klipu ikifika dakika 29 na sekunde 59. Kwenye filamu huwezi hata kugundua, lakini kwa anayerekodi mahubiri ni balaa.

Kwenye mwanga mzuri, picha yake ya 4K bado inanifurahisha. Inaandika megabiti 100 kwa sekunde, yaani saa moja inakula karibu GB 45, kwa hiyo tenga hela ya kadi na ya diski. Halafu ingia kwenye menyu uweke mfumo wa hezi 50, ushuti fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiiacha kwenye mpangilio wa Marekani, wa hezi 60, taa za tyubu zinaweza kupepesa nyuma ya waigizaji wako. Betri, sina malalamiko.

Usiku ndipo inapochoka. Ikipita ISO 1600 picha inajaa chenga. Fokasi yake kwenye video inasitasita, hivyo mimi nazungusha kwa mkono, tena kwa lenzi kuukuu za Nikon na adapta ya bei chee. Haina kitulizi cha kuzuia mtikisiko ndani ya bodi, stendi ni lazima. Sensa nayo ni ndogo: lenzi ya mm 50 inaona eneo finyu kama ya mm 100 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame), na kwenye 4K inabana zaidi. Kwenye chumba cha kupanga utarudi nyuma mpaka mgongo ugote ukutani.

Ningekuwa mtu wa harusi nisingeigusa. Chenji iliyobaki nilinunulia taa mbili za LED, na sasa natafuta lenzi ya mm 14, inayoona pana zaidi.