Fundi wa laptopu ghorofani, Morogoro mjini: alihesabu taa kwanza, bei akataja baadaye

Fundi ninayemsema yuko ghorofani, juu ya duka la vyombo vya plastiki, hatua chache kutoka Soko la Chifu Kingalu. Hana bango. Ukifika uliza "fundi wa laptopu wa juu", hata wauza nyanya wa pale nje watakuonyesha ngazi. Nimemaliza naye wiki tatu sasa, na nimesubiri makusudi nione kama kazi yake itasimama ndipo niandike. Imesimama.

Nina ofisi ndogo ya kuchapa, kutoa kopi na kujaza fomu za mtandaoni huku Mazimbu, karibu na kampasi ya chuo kikuu cha kilimo, SUA. Kazi zangu kubwa ni tasnifu za wanafunzi. Mashine yangu ni HP EliteBook 840 G1 ya mtumba, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi) ya GB 4. Kwa barua ya maombi ya kazi inatosha. Lakini fungua tasnifu ya kurasa 140 yenye picha za mashamba na majedwali, halafu mteja mwingine aingie anataka umfungulie tovuti ya mikopo: kiduara kinazunguka, wewe na mteja mnatazamana. Nikaamua kuongeza RAM kabla msimu wa kuwasilisha haujafika.

Nikamtumia mtoto wa dada yangu hela, yuko Dar, akaninunulie Kariakoo. Maelekezo yangu yalikuwa "RAM ya laptopu, DDR3, GB 8", DDR3 ikiwa ndiyo aina ya RAM. Akapata ya shilingi 35,000, akaifunga vizuri, ikaja kwa basi, nikaipokea Msamvu jioni. Usiku ule ule nikaifunga mwenyewe. Mashine hii kifuniko chake cha chini hakina haja ya bisibisi, unasukuma kilango kimoja kinaachia, na sloti mbili za RAM unaziona palepale. Nikachomoa ile ya zamani kwanza nizilinganishe. Zilifanana kama pacha: urefu ule ule, pengo mahali pale pale. Nikazirudisha zote mbili, nikafunga, nikabonyeza kitufe.

Taa ikawaka. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi tii. Hata ile alama ya HP haikuja. Taa ya Caps Lock ikawa inapepesa, inanyamaza, inapepesa tena. Nikaitoa ile mpya nikabaki na ya zamani peke yake, nikiamini sasa itarudi kama ilivyokuwa. Haikurudi. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na tasnifu za wanafunzi watatu, na mmoja alikuwa anawasilisha Ijumaa.

Asubuhi nikapeleka kwa fundi wa kwanza, ambaye simtaji wala sisemi yuko mtaa gani. Aliiwasha mara moja, akaitazama kama sekunde kumi, akasema bodi imekufa, "umeiunguza mama ulipoweka RAM". Shilingi 180,000 kubadilisha bodi, na niiache siku nne. Hakufungua hata kile kifuniko. Nilitoka pale nikiwa nimeshapiga hesabu ya kumkopa nani.

Aliyenielekeza ghorofani ni mteja wangu mmoja, mwalimu. Nikapanda na laptopu, chaja na zile RAM mbili kwenye bahasha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mashine yangu haileti picha."

"Tangu lini? Ulifanya nini kabla haijaacha?"

Hilo swali la pili fundi wa kwanza hakuniuliza. Nikamweleza kila kitu, pamoja na kwamba nilifunga mwenyewe. Hakunilaumu. Akachomeka chaja, akabonyeza kitufe, akainamisha kichwa kuitazama taa ya Caps Lock. Nikamwona anahesabu kwa vidole juu ya meza. Akaniambia nihesabu na mimi. Moja, mbili, tatu, kimya. Moja, mbili, tatu, kimya.

"Ingepepesa tano ningekuambia bodi," akasema. "Moja ni prosesa, ubongo wa mashine. Mbili ni BIOS, programu ya kuiwashia. Hii ni tatu, inalalamikia RAM. Mashine yako inaongea mama, haijafa."

Sitaficha, machozi yalinilenga. Na nilijifunza jambo ambalo natamani kila mwenye mashine ya HP ya miaka ile alijue: ile taa haipepesi ovyo, ni ujumbe, na ujumbe wenyewe unahesabika na mtu yeyote anayejua kuhesabu mpaka sita.

Kazi yenyewe aliifanya mbele yangu, mashine ikiwa imegeuzwa kunielekea. Akachomoa chaja, akatoa betri, akashikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Akaitoa RAM yangu ya zamani akanionyesha. Kwenye yale meno ya rangi ya dhahabu kulikuwa na ukungu wa mafuta na alama ya kidole, cha kwangu bila shaka. Akayasugua kwa kifutio cha penseli, kile cheupe cha shuleni, taratibu, upande mmoja kisha mwingine, akapangusa vumbi la kifutio kwa brashi laini akiwa ameiweka RAM mbali na sloti. Kisha akaiingiza kwa kuilaza mshazari, akasukuma mpaka dhahabu ikafichika yote, ndipo akaibonyeza chini. Vibanio viwili vya pembeni vikalia "ta" kwa pamoja. Nilipofunga mimi nilisikia "ta" moja tu. Nilidhani ndiyo yenyewe. Kumbe upande mmoja ulikuwa umeelea.

Akarudisha betri, akawasha, akaniambia nisubiri nisiguse kitu, kwani mashine ikikuta RAM imechezewa inaweza kuchukua muda kabla ya kuleta picha. Ikachukua muda mrefu kuliko moyo wangu ulivyotaka. Halafu alama ya HP ikatokea. Tasnifu zote tatu zilikuwa pale pale.

Ikabaki ile mpya. Akaiweka peke yake, sloti ile ile: mapepeso matatu. Akaisafisha, akarudia: matatu. Akahamia sloti ya pili: matatu. Mimi nikasema basi ni mbovu, wamenipiga. Akasema subiri mama. Akaziweka RAM mbili sambamba kwenye kitambaa na kuniazima lenzi yake ya kusomea. Kwenye karatasi ya ile ya zamani imeandikwa PC3L-12800S. Kwenye mpya imeandikwa PC3-12800S. Herufi L.

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Zote ni DDR3, meno yote 204, kasi ile ile, ndiyo maana zinaingia sloti moja bila kugombana. Lakini yenye L inafanya kazi kwa volti 1.35, na isiyo na L inataka volti 1.5. Laptopu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, kama yangu, imetengenezwa kwa ile ya volti 1.35. Ukiipa ya 1.5 inakataa kuwaka. Ya L inaweza kutumika hata kwenye mashine za nyuma zinazotumia volti 1.5. Isiyo na L haiwezi kuja mbele. Kwa prosesa za miaka ile zenye tarakimu nne, kizazi unakijua kwa namba ya kwanza baada ya kistari: yangu ni i5-4300U, basi ni cha nne.

Ili nisibaki na shaka, akachukua laptopu ya kizazi cha pili aliyokuwa nayo pembeni, akaweka ile RAM yangu "mbovu". Ikawaka vizuri kabisa. Kwa hiyo aliyeuza Kariakoo hakuuza kitu kibovu. Aliombwa DDR3, akatoa DDR3. Kosa langu ni kuagiza kwa jina nusu, lakini na yeye angemuuliza kijana "mashine gani?" ningeokoa siku mbili na nauli. Kijana alipoirudisha baadaye aliambiwa vitu vya umeme havirudishwi.

Fundi aliniuzia GB 8 iliyotumika, PC3L, kwa shilingi 40,000. Kabla ya kuchukua hela aliweka zote mbili, akaiwasha kwa flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM, akaniambia niende sokoni nirudi baada ya saa mbili. Nilirudi na mboga zangu nikakuta kioo kimeandika makosa sifuri. Kwa uchunguzi na usafi alichukua 15,000. Jumla 55,000, na laptopu inasoma GB 12. Sasa nafungua tasnifu, tovuti na picha za pasipoti kwa pamoja, na sijaona kile kiduara cha zamani.

Yapo ya kusema upande wa pili. Hatoi risiti. Nilipoomba alinichania karatasi ya daftari akaandika tarehe, bei na dhamana ya "mwezi mmoja", sahihi yake chini. Kwa mwenye ofisi inayotakiwa kuonyesha matumizi, hilo ni tatizo. Simu hapokei akiwa kazini, hata ukipiga mara tano. Chumba ni kidogo, kina joto, na kiti cha mteja ni kimoja. Mtu mwenye magoti mabaya ngazi zile zitamsumbua. Na hafanyi haraka: kabla yangu kulikuwa na vijana wawili na wote walishughulikiwa hivyo hivyo, polepole, mashine ikiwa imefunguliwa mbele yao.

Ukienda, chukua chaja yako. Chukua na kile ulichokitoa au kukiongeza, usikiache nyumbani. Mwambie ukweli wa ulichogusa. Na kama unaagiza RAM kutoka mbali, piga picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye RAM ya zamani, itume kwa simu, mwambie anayenunua aonyeshe muuzaji herufi zote mpaka ya mwisho.

Ijumaa mchana hufunga kwenda kuswali, hurudi saa tisa. Jumapili hayupo. Mimi Jumatatu napanda tena zile ngazi, printa yangu imeanza kuvuta karatasi mbilimbili.