Uzoefu wangu na mbegu ya nyanya ya Tengeru 97 katika bustani ya nyumbani, Mikindani

Nimekuwa nikilima nyanya nyuma ya nyumba yetu hapa Mikindani tangu mwishoni mwa mwaka 2021, katika kipande cha ardhi chenye urefu wa mita saba na upana wa mita nne, na katika muda huo nimejaribu mbegu za aina tatu: Moneymaker, Cal J na Tengeru 97. Naandika kuhusu Tengeru 97 kwa sababu ndiyo iliyobaki bustanini kwangu. Vilevile, nilipokuwa nikitafuta mbegu, karibu kila ushauri nilioupata ulikuwa wa wakulima wa Iringa, Arusha na Morogoro, ambako usiku kuna ubaridi na udongo una rutuba, ilhali sisi wa Mtwara tunalima kwenye mchanga wa pwani, katika joto ambalo kwa miezi mingi halipungui hata jua likizama.

Pakiti ya gramu 10 niliinunua kwa shilingi 3,000 mwaka 2024 katika duka la pembejeo mjini Mtwara. Gramu moja ya mbegu za nyanya huwa na mbegu zinazokaribia 300, kwa hiyo pakiti hiyo moja ilikuwa na mbegu nyingi kupita mahitaji ya familia yoyote, na sehemu kubwa niliwagawia majirani. Ilikuwa imefungwa vizuri, na ilikuwa na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, yenye namba ya kukwangua ambayo niliihakiki kwa simu kabla ya kuondoka dukani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mwaka mmoja kabla yake niliuziwa mbegu zilizoitwa Cal J, zikichotwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililo wazi na kufungiwa katika kipande cha gazeti. Kati ya mbegu 40 nilizosia ziliota 11 tu, na iliyozaa ilitoa matunda ya duara kwenye mche huu na marefu kwenye mche ule, jambo lililonionyesha kwamba mbegu zilikuwa zimechanganywa. Msimu mzima ulipotea. Sikuweza hata kusema lolote la haki kuhusu Cal J mpaka niliponunua pakiti iliyofungwa. Za Tengeru 97 nilizijaribu kwanza ndani ya nyumba: nilitandaza mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, nikakifunika kwa sahani, na siku ya saba mbegu 18 zilikuwa zimetoa mizizi.

Ili niweze kueleza kwa nini niliichagua, inanipasa nirudi kwenye minyanya iliyonifia. Mwezi Mei 2022 nilipandikiza miche ya Moneymaker mahali ambapo msimu uliotangulia nilikuwa nimepanda bamia. Ilishika vizuri, ikafika magotini, kisha ikaanza kulegea majani kila adhuhuri na kujiinua jioni, ingawa nilikuwa nikiimwagilia kila siku. Nilidhani ni mnyauko wa bakteria, nikawa tayari kwenda dukani kutafuta dawa. Mama mkwe wangu, ambaye amelima kwao Newala maisha yake yote, alinizuia. Aliniambia, “Mwanangu, usinunue dawa ya ugonjwa usiouona. Ng’oa mmoja tuangalie chini.” Niling’oa mche mmoja, nikaukung’uta mchanga, na mizizi yake haikufanana tena na mizizi. Ilikuwa imejaa vinundu vilivyofuatana kama shanga kwenye uzi, vingine vidogo kama punje ya mtama, vingine vikubwa kama njegere, na ile mizizi myembamba ya kunyonya maji ilikuwa karibu imekwisha. Nilikata pia kipande cha shina lake nikakisimamisha katika glasi ya maji safi, kwa kuwa shina lenye mnyauko wa bakteria hutoa uzi mweupe kama maziwa baada ya dakika chache. Maji yalibaki safi, bila uzi wowote. Adui alikuwa minyoo fundo, ambaye hustawi sana katika udongo wa kichanga wenye joto, na bamia niliyoipanda kabla ni miongoni mwa mazao yanayomlisha na kumzalisha kwa wingi.

Bwana shamba wa kata yetu ndiye aliyenifundisha kusoma herufi zinazofuata jina la mbegu, na naona kila anayenunua mbegu ya nyanya angepaswa kuzijua. Herufi V na F zina maana kwamba mmea unastahimili mnyauko unaosababishwa na ukungu wa Verticillium na wa Fusarium, na ndiyo maana pakiti ya Cal J huandikwa VF. Herufi N inahusu minyoo fundo. Moneymaker ni mbegu ya zamani ya Uingereza na haina kinga hata moja kati ya hizo. Tengeru 97, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1997 kutokana na kazi ya watafiti wa mboga wa Tengeru, mkoani Arusha, ilichaguliwa kwa kustahimili mnyauko wa Fusarium pamoja na minyoo fundo, na hiyo ndiyo sababu nilisimama kwenye rafu ya dukani nikaiacha pakiti yenye picha ya kuvutia zaidi.

Mwaka 2024 niliamua kuipima kwa haki. Nilipandikiza miche 12 ya Tengeru 97 na miche 12 ya Cal J, safari hii kutoka pakiti iliyofungwa, katika tuta lilelile lililoniulia Moneymaker, kwa nafasi ya sentimeta 50 kati ya mche na mche na sentimeta 75 kati ya mistari. Kila shimo nilitia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na juu yake nikatandaza majani makavu ya mkorosho pamoja na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Matandazo hayo hayakuwa ya kuhifadhi maji tu. Kinga inayotumika katika nyanya nyingi dhidi ya minyoo fundo hudhoofika joto la udongo linapozidi nyuzi 28, na mchanga wetu ukiachwa wazi saa nane mchana hauwezi kukanyagwa kwa mguu mtupu. Mtu anayenunua mbegu yenye kinga kisha akaacha tuta lake likiungua juani anaipoteza ile kinga aliyoilipia.

Matokeo niliyaandika katika daftari. Cal J tano zilinyauka kabla ya mavuno, na saba zilizobaki zilinipa kilo 13. Tengeru 97 mbili niling’oa mapema kwa sababu ya ugonjwa wa rasta, unaokunja majani na kudumaza mche, na 10 zilizobaki zilinipa kilo 31 kuanzia katikati ya Agosti hadi mwishoni mwa Septemba. Nilipoing’oa minyanya hiyo baada ya mavuno, mizizi ya Tengeru 97 ilikuwa na vinundu vichache vidogo hapa na pale, lakini mizizi ya kunyonya maji ilikuwa mingi na myeupe. Niliiosha, nikaipeleka barazani, na mama mkwe aliishika kwa muda mrefu akiigeuzageuza bila kusema neno, kisha akaniuliza kama mbegu zimebaki.

Kuhusu wakati wa kupanda, hakuna mbegu itakayomwokoa mtu anayekosea. Mara yangu ya kwanza kabisa nilipandikiza mwezi Desemba, nikifuata mvua kama tunavyofanya kwa mahindi, na minyanya ilinawiri, ikachanua vizuri sana, kisha kila asubuhi nikawa nakuta maua ya njano yamedondoka chini. Usiku unapobaki juu ya nyuzi 21 au 22, chavua ya nyanya huharibika na ua huanguka bila kushika tunda, na Mtwara usiku wa Desemba hadi Machi huwa na joto kupita hapo. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, unaoisha kati ya Aprili na Mei, na baada yake huja miezi ya Juni, Julai na Agosti yenye usiku wa nafuu. Kwa hiyo nasia kitaluni katika wiki ya tatu ya Aprili, chini ya kivuli chepesi cha makuti, na kupandikiza mwishoni mwa Mei, ili maua yakutane na ubaridi. Ni wakati ambao maji yanapaswa kubebwa kwa ndoo, na nakiri kwamba kazi hiyo ni nzito, lakini ndio wakati nyanya inapozaa.

Tengeru 97 ina upungufu wake, na nisingependa mtu ainunue akidhani inastahimili kila kitu. Haikustahimili rasta, ule ugonjwa unaoletwa na nzi weupe, ambapo majani hujikunja kwenda juu, hugeuka njano pembeni na mche hudumaa. Majani ya chini yalipata bakajani tangulia, yenye madoa ya kahawia yenye mizunguko ndani ya mizunguko, nami nilidhibiti kwa kuyakata majani yote yaliyogusa ardhi na kumwagilia shinani asubuhi badala ya kunyunyiza juu ya majani. Mwaka 2025 alikuja kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, akachora njia zake nyeupe ndani ya majani na kutoboa matunda karibu na kikonyo. Hakuna kati ya aina tatu nilizopanda iliyomshinda. Niliokoa sehemu kubwa ya mavuno kwa kuchuma kila jani lenye alama, kulifungia katika mfuko wa nailoni na kuuacha juani, na kwa kunyunyiza maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, jioni baada ya jioni, kwa wiki tatu.

Tatizo la matunda kuoza kitako nililipata mara moja tu, na halikutokana na mbegu. Nilikwenda msibani Masasi kwa siku sita, tuta likakauka, kisha kijana wa nyumbani akalimwagia maji mengi kwa mpigo, na matunda yaliyokuwa yakikua wakati huo yakatoka na doa jeusi chini, kwa kuwa mmea usiopata maji kwa mpangilio hushindwa kufikisha kalsiamu kwenye tunda.

Mezani, ganda la Tengeru 97 ni gumu kiasi na nyama yake ni nene yenye maji machache. Kwa mchuzi wa samaki wa nazi naipenda kuliko nyanya tunazouziwa sokoni zikiwa zimesafiri kutoka Ilula, kwa sababu matunda matatu yanatosha sufuria ambayo zamani ilihitaji matano. Kwa kachumbari sivyo, kwani ganda hubaki mdomoni, na anayelima kwa ajili ya kachumbari na ambaye udongo wake hauna minyoo atafurahia zaidi Moneymaker. Niliziweka nyanya zilizoiva katika ungo juu ya meza bila friji: Cal J zilianza kunyauka siku ya tisa, na Tengeru 97 zilikuwa bado ngumu siku ya 14.

Kwa mwenye nzi weupe wengi, kwa mfano aliyepakana na shamba la pilipili lililoshambuliwa, ningemshauri atafute mbegu chotara ambayo pakiti yake inataja wazi kinga dhidi ya rasta, akijua kwamba itamlazimu kununua mbegu mpya kila msimu, maana mbegu za chotara zikipandwa tena hazirudishi mmea uleule. Tengeru 97 si chotara. Mwaka jana nilichagua matunda manne kutoka mche wenye afya kuliko yote, nikayakamua katika glasi, nikayaacha yachachuke kwa siku mbili hadi utando wa mbegu ukaachia, nikaziosha na kuzianika kivulini juu ya sahani. Zimo sasa katika chupa ndogo yenye majivu makavu, na nusu yake mama mkwe amekwisha kuifunga kwenye kitambaa ili aipeleke Newala.