Mfuko wa PICS baada ya miezi saba: naufungua mbele yenu

Hamjambo wakulima wenzangu, karibuni. Leo sizunguki, maana kazi yenyewe iko hapa mbele yenu. Hii ni mifuko sita ya PICS, ile ya kuhifadhi nafaka yenye nailoni mbili ndani ya kiroba, ambayo wengi tunaiita kinga njaa. Niliifunga katikati ya Julai mwaka jana, hapa hapa nyumbani Kibaigwa, Dodoma, kila mmoja kilo 100 za mahindi. Sasa ni Februari na sijafungua hata mmoja. Hili gunia la kawaida pembeni nililijaza siku ile ile, mahindi ya shamba lile lile, bila dawa, makusudi kabisa, ili leo tulinganishe.

Tuanze na gunia. Nasogeza simu karibu, tulieni msikilize. Mmesikia? Huo mchakacho, kama panya wanatembea juu ya majani makavu, ni dumuzi wanatafuna. Tazameni chini: huu unga mweupe haujatoka mashineni, umetoka midomoni mwao. Nachota konzi moja. Punje ina matundu mawili, matatu. Naibana na kucha, inapasuka, ndani hamna kitu. Ukimpelekea mnunuzi hapa sokoni mahindi ya namna hii, atachoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchomolea punje, atayatazama kiganjani, kisha ataondoka bila hata kutaja bei.

Dumuzi, ambaye wengine wanamwita Scania, si mdudu wa asili yetu. Kwao ni Amerika ya Kati, na huku kwetu aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fukusi, mdudu mwingine wa ghalani, tulikuwa naye tangu zamani, ila dumuzi anakula hata gunzi, anatoboa hata mti wa kihenge.

Haya, mfuko wa kwanza. Nafungua kamba ya nje, kiroba hiki. Nailoni ya kwanza, nayo ina kamba yake. Nailoni ya pili. Sasa nainusa… jamani, hii ni harufu ya Julai! Punje zinateleza mkononi, zinang'aa. Nimezamisha mkono hadi kwenye kiwiko, na nilichopata ni hawa fukusi wanne, wote wamekufa, wamekauka kama pumba. Dawa sikuweka hata chembe.

Hawa wameuawa na nini? Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ukielewa hili huwezi kukosea kufunga. Mdudu wa ghalani hanywi maji. Maji yake anayatengeneza mwilini mwake mwenyewe, kwa chakula anachokula na oksijeni anayovuta. Ukifunga mfuko barabara, wadudu walioingia na mahindi wanavuta ile oksijeni kidogo iliyobaki mpaka inapungua sana. Hapo wanaacha kula, wanaacha kuzaa, mwisho wanakauka. Mfuko huu ulianza kama utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kameruni, baadaye ikaonekana unafaa na mahindi, maharage na nafaka nyingine.

Kwa hiyo hewa ndiyo kila kitu. Jaza ukishindilia, acha nafasi ya kama shibiri moja na nusu juu, kamua hewa, sokota shingo ya nailoni mpaka iwe ngumu kama kamba, funga, ikunje, funga tena. Fanya hivyo kwa kila nailoni.

Sasa mfuko wa sita, na huu unaniuma. Niliuburuta sakafuni wakati wa kupanga stoo, peke yangu, nikadhani kiroba cha nje kitazuia. Tazameni hapa kwenye kona: mpasuko mdogo, hauzidi punje ya harage, umepita nailoni zote mbili. Dumuzi wamo, wazima. Kilo 100 zangu. Ndiyo maana nasema udhaifu mkubwa wa bidhaa hii ni wepesi wa nailoni. Beba watu wawili, weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya uwashughulikie kabla. Kabla ya kujaza, puliza kila nailoni kama puto, ishike shingo, ibane usikilize kama inavuja.

Jambo la pili, na hapa naomba mnielewe: mfuko haukaushi mahindi. Ukifunga mabichi, umefungia ukungu ndani. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi kiasi cha robo chupa, chumvi kavu vijiko viwili, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi kwenye turubai juani. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haina mchezo. Mwaka 2004 kule Kenya, Makueni na Kitui na maeneo ya jirani, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, mahindi ya majumbani mwao wenyewe.

Mnaniuliza sana kuhusu dawa za vumbi. Zinafanya kazi ukifuata kipimo cha kwenye pakiti na ukichanganya vizuri, lakini nguvu yake hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na chakula kile kile ndicho unawapa watoto. Vile vidonge vya kufukizia ndiyo msivitumie kabisa ndani ya nyumba mnayolala, vinatoa gesi inayoua watu.

Mimi nilinunua mfuko mmoja shilingi 5,000. Kwa anayeuza Julai ile ile, hauhitaji. Kwa anayesubiri Januari au anayelisha familia mwaka mzima, nunua, tena hii mifuko mitano mizima nitaitumia msimu ujao pia. Ila usifungue kila siku kuchota ya ugali. Mama watoto ameshaleta debe, tunatoa ya mwezi mmoja, na shingo ya nailoni naisokota tena sasa hivi, kabla sijazima simu.